Mabega ya Karani

Jirani ndiye aliyeanza kueneza kwamba Karani ameota mapembe. Alisema amemwita kupitia dirishani, "Shoga! We shoga!", na Karani akamjibu bila hata kugeuza shingo, macho mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. "Siku hizi hatusalimiki," jirani akawaambia wenzake penye bomba la maji. "Tangu mumewe amtengenezee ile meza, sisi wengine tumekuwa wadudu."

Laiti angejua. Karani hakugeuza shingo kwa sababu shingo yenyewe ilikuwa haigeuki. Ukimwita kutoka kushoto, ilibidi auzungushe mwili mzima kuanzia miguuni, kama kabati linalohamishwa. Na jirani alimwita wakati Karani amekaa mezani, vipokea sauti masikioni, vidole vinakimbia. Kuinuka na kujizungusha ili tu aseme "salama" kulimshinda.

Jina la Karani alipewa na mumewe walipooana, likamganda mpaka kwa wakwe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa, ya vyama vya ushirika, bodi za shule, kamati za maji, na kuiandika neno kwa neno kwenye kompyuta. Ofisi ilimtumia sauti, yeye akairudishia maandishi, bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Watu humwonea huruma mtu wa kazi kama hiyo, lakini Karani aliipenda. Alishawajua wenyeviti kwa sauti zao. Kulikuwa na mmoja wa kamati ya maji ambaye kila akiulizwa fedha zimekwenda wapi, hukohoa kwanza. Karani alikuwa akicheka peke yake sebuleni mpaka mama mkwe anachungulia.

Mumewe alikuwa seremala, na kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Zamani Karani alichapa akiwa ameipakata kompyuta kitandani. Fundi akaona hiyo ni aibu, seremala mzima mkewe hana meza. Akajifungia karakana, akatoka na meza ya mbao nyekundu iliyong'aa, yenye droo pana chini ya ubao, na miguu minne ambayo kila mmoja uliishia kwa ua la kuchongwa. Mtaa mzima ulikuja kuishika.

Ilikuwa meza ndefu kwenda juu, na Fundi aliipandisha makusudi. Benchi lake la kwanza pale karakana lilikuwa fupi, likamkunja mgongo ujana wake wote, hadi alipojenga jingine linalomfika mkandani. Tangu hapo mgongo haukumsumbua tena. Basi akaona mkewe naye asipate taabu aliyoipata yeye, akamfanyia ya kimo hicho hicho. Jambo moja tu halikumpitia akilini, na tafadhali msimcheke, maana aliyafanya yote kwa mapenzi: yeye hufanya kazi amesimama, mkewe hufanya kazi ameketi.

*

Kila mtu pale nyumbani alikuwa na maelezo yake kuhusu shingo ya Karani.

"Ni upepo huo, mkwe wangu," mama mkwe alisema, huku anamsugua kwa dawa ya kuchua iliyonuka nyumba nzima. "Unalala dirisha wazi kama uko gerezani unatafuta pa kutokea."

"Ni simu, Bibi," alisema binti yao, ambaye alikuwa darasa la sita na alijua kila kitu. "Mwalimu ametuambia."

"Mwalimu amemwona mama yako?"

"Hapana, lakini—"

"Basi nyamaza."

Fundi yeye alisema ni mto. "Umelala vibaya tu, Karani. Mto ule umekuwa kama tofali." Akaenda sokoni akaleta mto mpya, mnono, na usiku ule akaupigapiga mwenyewe kabla mkewe hajalala. Karani akaulalia. Asubuhi shingo ilikuwa vile vile, isipokuwa sasa alilazimika pia kusema asante.

Maumivu yalianzia nyuma ya shingo, yakashuka bega la kulia, halafu yakaanza kutembea mkononi. Vidole viwili vya mwisho vikawa vinakufa ganzi. Asubuhi moja binti alimletea chanuo amchane nywele kabla ya shule. Karani akauinua mkono, ukafika nusu ya safari ukagoma. Akajaribu tena kwa kuuma meno. Chanuo likamponyoka likaanguka sakafuni.

"Basi, mama," binti akasema, akaliokota. "Bibi atanichana."

Hakulalamika, wala hakununa, akaenda zake kwa bibi yake. Afadhali angenuna. Karani alibaki ameketi pale, mkono mapajani, akajisikia mzee kabla ya wakati wake.

Siku hiyo hiyo msimamizi wa ofisi alimpigia. Karani akaibana simu kati ya sikio na bega, kama kawaida yake, ili asiache kuchapa.

"Dada, ule mkutano wa kamati ya maji tuliutegemea jana."

"Naumalizia sasa hivi."

"Na ule wa bodi ya shule una maneno yameruka. Sentensi nzima za mweka hazina hazimo. Si kawaida yako."

"Nilikuwa sijisikii vizuri."

"Pole sana, dada. Lakini uniambie mapema mzigo ukizidi, nimpe mwingine. Wapo wanaoulizia kila siku."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtisha Karani. Mtu akikufokea bado anakutaka. Alipoiweka simu mezani, bega lilibaki juu pale pale, kana kwamba simu bado ipo. Akalisukuma kwa mkono wa pili lishuke. Ndipo alipoamua kwenda hospitali.

*

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mdogo, mwembamba, na Karani alipomwona alijiambia huyu atanipapasa tu. Kumbe vidole vyake vilikuwa vya kukamulia nguo.

"Hapa?"

"Aaah!"

"Na hapa?"

Hapo Karani alimwita mama yake, ambaye alifariki zamani.

"Pole, mama. Unafanya kazi gani?"

"Nachapa."

"Hebu kaa kama unavyokaa kazini."

Karani akaketi kwenye kiti, akainua mikono hewani, akajifanya anachapa. Mtaalamu akamzunguka, akamtazama kwa mbele, akamtazama kwa ubavuni.

"Mbona umepandisha mabega hivyo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi?"

"Sijayapandisha. Ndipo meza ilipo."

Mtaalamu akacheka kwa pua, kisha akaona mgonjwa hacheki, akaacha. Akamshika viwiko akavishusha taratibu mpaka vikagusa mbavu. "Mikono ikae hapa. Viwiko karibu na mwili, mabega yamelala. Meza inatakiwa ikufuate hapa ulipo, siyo wewe uifuate huko juu. Sasa wewe kutwa nzima mabega yako yanaibeba mikono. Ni sawa na kushika ndoo mbili bila kuziweka chini. Na kompyuta yako, skrini iko chini?"

"Si imeungana na kibodi? Natazama chini."

"Basi mabega yanapanda, kichwa kinashuka, na shingo iko katikati, inavutwa huku na huku. Skrini iinue, iwekee vitabu mpaka ukingo wake wa juu ufikie macho yako, halafu tafuta kibodi nyingine ya kuchomeka. Simu usiibane na bega tena, hata siku moja. Na usikae ukaganda. Inuka mara kwa mara, zungusha mabega, rudisha kidevu nyuma hivi, tazama mbali. Jioni, kitambaa cha maji moto. Ganzi ikizidi au mkono ukikosa nguvu, urudi haraka, usingoje."

"Na nikiweka mto kwenye kiti, niwe juu?"

"Umejaribu?"

"Nimejaribu, miguu inaning'inia."

"Basi meza ikatwe miguu. Kama umeinunua, irudishe dukani."

Karani akajikunyata kidogo. "Sijainunua. Mume wangu ndiye seremala. Alinitengenezea mwenyewe, ni zawadi."

Mtaalamu akaiweka kalamu chini. Alikuwa mdogo lakini kumbe naye ni mke wa mtu. "Mama," akasema, "mazoezi nitakufundisha. Namna ya kumwambia, hiyo sina."

*

Fundi alikuwa anamngoja mlangoni, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Wamesemaje?"

Karani alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alitaka kuanza kwa kuisifu mbao, apitie kwenye droo, ndipo afike kwenye miguu. Lakini nyuma ya bega la mumewe aliiona meza. Fundi alikuwa ametumia nafasi ya yeye kutokuwepo kuipaka rangi ya kung'arisha upya. Ilimeremeta kama imetoka kuoga.

"Wamesema nifanye mazoezi," akasema. "Na... mto."

"Si nilisema!" Fundi akajipiga paja. "Mama! Umesikia? Mtu amesoma miaka yote hiyo kuja kusema nililolisema mimi!"

Karani alijichukia. Hata hivyo aliyafanya mengine yote aliyofundishwa. Akaazima kibodi kwa shemeji yake, akaiinua kompyuta juu ya vitabu vya zamani vya binti, na kwa kuwa saa huisahau akishazama kazini, alijiwekea sheria yake mwenyewe: kila mwenyekiti wa kamati ya maji akikohoa, yeye anasimama na kuzungusha mabega. Kwa jinsi wajumbe walivyokuwa wanauliza habari za fedha, Karani alifanya mazoezi ya kutosha. Mama mkwe alikuja na kitambaa cha maji moto kila jioni, akimkanda huku anamsimulia umbea wa mtaa, na umbea nao, niseme ukweli, ulisaidia.

Shingo ikaanza kugeuka. Siku moja jirani alikuwa anapita, na Karani akamgeukia kwanza yeye, akamwita, "Shoga, habari za tangu siku zile?" Jirani akapigwa na butwaa, akaja dirishani, wakamaliza maneno hapo hapo.

Lakini mabega hayakudanganyika. Kila jioni yalikuwa yamepanda tena, na ganzi ya vidole viwili ilikuwa inakwenda na kurudi. Kitambaa kilitoa kilichoingizwa mchana, na kesho yake meza ikakiingiza tena.

*

Jumamosi moja Fundi alikuja nyumbani na mgeni, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kichwani na kutembea kwa haraka. Alikuwa anafungua ofisi ya kuingiza takwimu, vijana wengi, kila mmoja na kompyuta yake. Alitaka meza, na meza nyingi. Fundi hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo tangu ashike randa, na alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Ndiyo hii," akasema, akapitisha kiganja juu ya ubao. "Karani, kaa, umwonyeshe."

Karani akakaa, akachapa mistari miwili mitatu. Mgeni akainama akayatazama maua ya miguu, akavuta droo, ikatoka bila kelele. Akapendezwa. Halafu akamgeukia Karani.

"Wewe ndiye unayeitumia kutwa. Unaionaje?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya mgeni, mikono amefumbata, anatabasamu kama mwanafunzi anayengoja kusomewa matokeo anayoyajua. Mama mkwe naye alikuwa mlangoni.

"Ni nzuri," Karani akasema.

"Haichoshi?"

"Ni nzuri sana."

Hakusema uongo. Ilikuwa nzuri. Mgeni akampa Fundi mkono, akasema anataka zote ziwe kama hiyo hiyo, kimo hicho hicho, ila maua si lazima. Wakatoka nje wakiongea kwa furaha. Karani alibaki kitini, mabega yako juu, akiwawazia vijana asiowajua, safu nzima, wameketi na mabega juu kama yeye, kila mmoja akirudi kwake jioni kuambiwa ni mto. Akaona haya, na haya zile zilimuuma kuliko shingo.

Hakungoja ujasiri uje, maana alishaungoja sana. Alivaa kandambili akaenda karakana.

Fundi alikuwa anachagua mbao, anapiga mluzi.

"Fundi, usikate bado."

"Kuna nini?"

"Meza ni ndefu."

"Meza gani?"

"Yangu. Mkono haufiki bila bega kupanda. Ndiyo inayoniumiza."

Mluzi ulishakatika. Fundi akaulaza ubao taratibu juu ya benchi. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na daktari alisema mto."

"Daktari alisema meza. Mto niliusema mimi."

Alitegemea afoke, na angefoka ingekuwa rahisi. Fundi alichukua kitambaa akajifuta mikono, akajifuta tena ingawa ilishakuwa safi.

"Kila mgeni anayekuja namshika mkono nampeleka akaione," akasema. "Mama ananisikia najisifu. Mtaa mzima unanisikia. Na wewe umekaa pale unaniangalia tu."

"Ulikuwa na furaha sana, mume wangu."

"Na wewe ulikuwa unaumia sana! Sasa furaha yangu hiyo ya kazi gani?" Akakitupa kitambaa juu ya benchi. "Niliipandisha ili usiumie, Karani. Niliipandisha kwa sababu hiyo."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniambia."

Karani alijua mumewe amesema kweli. Alirudi nyumbani peke yake.

Walikula kimya. Mama mkwe akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mmegombana?"

"Hapana," wakasema wote kwa pamoja.

"Haya. Basi mnanyamaziana kwa mapenzi. Nipitishieni chumvi."

*

Kesho yake asubuhi Fundi alitoka bila kusema anakwenda wapi. Karani alijaribu kuchapa akashindwa, si kwa bega safari hii. Aliogopa amemvunjia mumewe kazi yake kubwa, na aliogopa zaidi kwamba amemvunja moyo.

Fundi alirudi jua likiwa limepanda, futi ya kupimia ikiwa mfukoni na msumeno mkononi.

"Nimetoka kwa yule mama wa meza," akasema. "Nimemwambia ile aliyoiona imekosewa kimo."

"Akasemaje?"

"Alinitazama kwanza kama nimerukwa na akili. Fundi anaikosoa kazi yake mwenyewe! Nikamwambia nitawapima watu wake wote, mmoja mmoja, wameketi. Akacheka. Amesema nije Jumatatu, na nisichelewe." Akavuta kiti. "Keti."

Karani akaketi.

"Shusha mabega. Shusha, mke wangu, siyo hivyo, yalegeze. Kama unamsikiliza mama na umbea wake."

"Nasikia!" mama mkwe akaitika kutoka chumbani.

Fundi akapiga magoti, akaifungua futi kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko cha mkewe. Alikuwa amewapima wateja, milango, vitanda na majeneza, lakini mkewe hakuwahi kumpima. Aliamini anamjua. Akasoma kipimo, akakisoma tena, kisha akatoa penseli sikioni na kutia alama kwenye mguu wa meza. Alama ikakaa juu ya ua.

"Maua yatakwenda," Karani akasema.

"Yatakwenda."

"Yalikuchukua muda mwingi. Labda tungenyanyua kiti, tukaweka kitu chini ya mi—"

"Karani. Umenyamaza miezi yote hiyo. Ninyamazie na dakika hii nipime."

Alisema huku anatabasamu, na Karani akaanza kulia na kucheka vyote pamoja. Wakaipindua meza juu ya mkeka, miguu hewani. Mama mkwe akashika upande mmoja, binti upande mwingine. Msumeno ukaingia kwenye mbao nyekundu, na ua la kwanza likaanguka, halafu la pili, halafu yaliyobaki. Fundi hakuyatazama. Alipiga msasa pale alipokata, akafuta vumbi kwa kiganja, wakaigeuza meza ikasimama.

Ilionekana fupi, ya kawaida, kama meza ya ofisi yoyote. Karani akavuta kiti, akaweka kibodi, akavaa vipokea sauti, akaanza kuchapa mkutano wa kamati ya maji. Wote watatu walisimama wakimtazama, binti amesahau kufunga mdomo.

Mabega yalishuka. Viwiko vikaja vyenyewe karibu na mbavu, na kitu kilichokuwa kimekazwa nyuma ya shingo kikaanza kulegea. Karani akafumba macho, akaendelea kuchapa. Lilikuwa jambo zuri kabisa. Isipokuwa bega la kulia, ukilisikiliza vizuri, bado lilikuwa limenyanyuka kidogo mno, kiasi ambacho hakuna mtu mwingine angekiona.

Fundi alikuwa amekata kwa kuogopa, akaacha akiba. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka shavuni na alikuwa amemkazia mkewe macho, msumeno bado mkononi.

"Sasa?"

Maneno "ni nzuri" yalishafika mdomoni kwa Karani, yamezoea njia. Akayameza.

"Bado kidogo," akasema.

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Fundi akaangua kicheko kikubwa ambacho hakuwa amekitoa tangu jana.

"Kiasi gani?"

Karani akamwonyesha kwa kidole chake kidogo, unene wake.

"Mama, shika tena huko," Fundi akasema, akaipindua meza.